Udongo wa Nyuma ya Jiko

Gari lolote linalopanda barabara ya Nadine Kessler hujulikana kabla halijafika. Likiwa bado kwenye daraja la mbao, yeye kashasimama dirishani. Likiingia kona ya pili, kashajua ni la petroli au la dizeli. Na likifika kwenye lango la tatu, maana ana malango matatu na yote yana kufuli, kashakata kauli kama anayekuja ni mtu au ni serikali. Kwa Nadine hivyo ni viumbe viwili tofauti.

Msimcheke. Huku kwetu, kwenye milima ya kusini mwa Humboldt, mtu wa rika lake ambaye hakukaa chonjo alishafungwa zamani au alishahama. Yeye alipanda huku mwaka wa sabini na nane, binti wa miaka ishirini na miwili kutoka Ohio, na begi moja na paka mwenye chongo. Akamkuta Emmett anajenga nyumba ya mbao bila ramani wala kibali, akamshikia misumari, hakuondoka tena. Wakalima bangi kama majirani wote. Kila Agosti helikopta za serikali zikaja kuzunguka juu ya miti, na watu wazima wenye akili zao wakawa wanatambaa vichakani kwa matumbo.

Ndipo mke na mume wakajiwekea sharti. Emmett akitoka na sepetu mkononi na mzigo begani, Nadine humwambia, "Usiniambie." Nadine naye akishuka mjini na kurudi bila mzigo, Emmett humwambia vivyo hivyo. Usichokijua, sherifu, yaani mkuu wa polisi wa huku, hawezi kukukamua. Miaka ikaenda, na neno lile likapata utamu wake. Wengine huambiana "nakupenda". Hawa wawili waliambiana "usiniambie", kila mmoja akalala usingizi wake pembeni ya siri za mwenzake.

Siku hizi bangi ni halali. Ina leseni, ina fomu, ina foleni ofisini, na wajanja wa bondeni wanaipanda kwenye mahema ya plastiki yenye ukubwa wa shule, kwa udongo wa kununua kwenye magunia yenye picha ya bundi. Nadine anapanda michache tu, na hakuna mche wake unaokanyaga udongo wa gunia. Udongo anautengeneza mwenyewe. Majani ya mwaloni yaliyooza miaka mitatu chini ya turubai. Mboji ya minyoo, na hiyo minyoo anaiita "watoto", anaifunika blanketi wakati wa baridi. Magamba ya kaa, kayasaga mwenyewe. Mwani mkavu. Mkaa uliolowekwa kwenye mkojo wa mbuzi. Mawe mepesi ya volkeno ili mizizi ipumue. Samadi ya hao hao mbuzi, na majani ya malisho yaitwayo lusini. Hivyo ni vitu vinane. Kuna cha tisa, na mimi sikitaji. Nadine yu hai bado na uma wake wa bustani una meno manne.

Anavipanga tabaka kwa tabaka, anamwagia maji mpaka lundo lishikamane bila kuchuruzika, kisha analiacha lichemke lenyewe. Siku ya nne akitia mkono mpaka kiwiko, inambidi autoe haraka. Analipindua, linapoa, linachemka tena, analipindua tena. Baada ya miezi miwili anafinya konzi moja. Udongo ukishikamana kisha ukaachia kwa kuguswa na kidole, na ukinuka kama msituni baada ya mvua ya kwanza, basi uko tayari. Vipimo vyake ndivyo hivyo, kiwiko na ngumi na pua. Na kila mwaka anabakiza robo ya udongo wa zamani auchanganye na mpya, kwa hiyo ndani ya lundo la leo mna udongo uliozikimbia helikopta pamoja naye.

Sasa, wana binti mmoja, Tansy. Huyu aliondoka mlimani akiwa na miaka kumi na minane, akisema kachoka kuishi mahali ambapo mtoto anafundishwa kudanganya kabla ya kufundishwa kusoma. Maneno yale Nadine aliyameza na hayajashuka mpaka leo. Kisha mwaka huu, mwezi wa Februari, Tansy akarudi. Ana miaka thelathini na saba, ana mimba ya miezi mitano, na ana sharti. Yeye na mwenzake, ambaye yuko bado kazini Sacramento, wako tayari kuhamia hapa, wamlee mtoto hapa, na shamba walichukue wazee wakichoka. Lakini shamba lipate kwanza cheti cha kilimo safi, kwa majina ya wanawake wawili, mama na mwana, na kila kitu kiwe wazi.

"Nikipata cheti nakaa, mama," alisema. "Nikikosa narudi mjini, na mjukuu wako utamwona Krismasi kwenye simu."

"Huku simu haishiki."

"Basi hutamwona."

Nadine alimtaka yule mtoto akulie hapa kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote duniani. Naomba mlikumbuke hilo kwa yale mtakayomwona akiyafanya.

Kwanza, akaanza kumpeleleza binti yake mwenyewe. Tansy alikuwa akipiga picha magunia ya mwani, mapipa ya magamba, hata masanduku ya minyoo. Picha za nini? "Za fomu, mama." Fomu gani inataka sura za minyoo? Siku nyingine Nadine alimkuta kapanda juu ya jiwe kubwa la kilimani, mahali pekee panaposhika mtandao, anaongea na simu kwa sauti ya chini. Akajibanza nyuma ya mti. Alisikia maneno matatu tu: "Akisaini, ndiyo tunakuja."

Akisaini nini? Wanakuja akina nani? Mtu mwingine angejijibu kwamba ni mjamzito anaongea na baba wa mtoto wake. Nadine machale yalimcheza mpaka kwenye visigino. Alirudi nyumbani, akaitoa ile fomu kabatini, akaisoma mara nne akitafuta mahali palipoandikwa kwamba anauza roho yake, na alipopakosa ndipo akazidi kushuku.

Mkaguzi alikuja mwishoni mwa Machi. Aliitwa Priscilla Amaya, mwanamke wa makamo, mfupi, mcheshi, na buti zake zilikuwa zimekwanguka kwa kazi. Nadine aliziona tangu kwenye lango la tatu.

"Siku hizi wanaazima mpaka buti za watu," akamnong'oneza Emmett.

"Mama, huyu si wa serikali," Tansy akasema. "Ni wa ofisi ya vyeti."

"Na vyeti wanavitunza wapi? Chini ya mto wake?"

Amaya alisikia, akacheka, akatoa kalamu. Aliomba kutajiwa vitu vilivyomo kwenye udongo. Nadine akavitaja vinane, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

"Hivyo tu?"

"Ulitaka na pilipili?"

Wakaenda kwenye lundo. Amaya alichota kidogo kidogo mahali kumi na mbili, akachanganya kwenye ndoo safi, akajaza mfuko. Kisha akafanya kosa la kuwa mkweli. Alitia mkono mle ndani, akafinya, akanusa, akafumba macho.

"Bibi, nina miaka kumi na tisa nazunguka milima hii, na udongo kama huu sijauona. Umetia nini humu?"

Tansy alijaa fahari mpaka macho yakalowa. Nadine alijaa baridi. Kumbe ndicho walichofuata! Alikiona chote palepale: mfuko unakwenda maabara, mashine inataja mpaka kile kitu cha tisa, na mwakani udongo wake unauzwa dukani kwenye magunia yenye picha ya bundi. Na binti yake kala njama nao, ama kwa kujua au kwa ujinga.

Amaya aliuweka mfuko kwenye meza ya barazani, haujafungwa, akamwomba Tansy ampeleke kuyaona matangi ya maji. Walipopotea nyuma ya miti, Nadine aliunyakua. Aliumwaga udongo wote chini ya ngazi, akazunguka nyuma ya jiko lilipo tuta la mboga, akaanza kujaza upya kwa mikono.

Hakuona ubaya. Tuta lile alilichimba mwaka wa tisini na nne, Emmett alipofungwa miezi kumi, na tangu hapo ndilo lililokuwa likiwalisha spinachi, karoti na sukumawiki. Udongo mzuri, mweusi, wa kawaida, usio na siri ndani yake. Cheti kingekuja, Tansy angekaa, na hakuna mtu angeibiwa kitu. Alijiona ana akili kuliko ofisi nzima.

Emmett alikuwa kwenye kiti chake pembeni ya mlango wa jikoni, ananoa mnyororo wa msumeno.

"Usichukue hapo," akasema.

"Kwa nini?"

"Pana mawe."

"Nachota udongo, sichoti mawe."

Mzee akaacha kunoa. "Nadine, sikiliza. Hapo chini..."

"Usiniambie," akamkata, bila hata kugeuka. "Leo sina nafasi."

Emmett akarudi kwenye mnyororo wake. Amaya aliporudi alikuta mfuko umejaa vilevile, juu ya meza ileile. Akaufunga, akaubandika karatasi, akawashukuru, akaondoka. Nadine alimpungia mkono kwa ukarimu uliomshangaza binti yake.

Zikapita wiki tatu, na raha ya Nadine haikudumu hata mbili. Akawaza, kwa nini hawapigi simu? Labda alionekana. Labda kuna kamera kwenye gari. Alikwenda kuukanyagakanyaga ule udongo aliomwaga chini ya ngazi, akaufunika majani, kesho yake akaona majani yamekaa kama ya kuwekwa, akayatawanya. Tansy akimtazama kidogo, anajiuliza anajua nini. Tansy akiacha kumtazama, anajiuliza anaficha nini. Tangu Februari mimba ilikuwa inamtamanisha Tansy majani machungu. Asubuhi na jioni alikuwa nyuma ya jiko na bakuli, akichuma spinachi, aking'oa karoti, kuzifutia kwenye suruali na kuzitafuna hapohapo.

"Utakuwa sungura," Emmett alimwambia siku moja.

"Wewe baba ndiye huli majani. Tangu nizaliwe sijakuona."

"Mimi si mbuzi."

Ulikuwa utani wa nyumba ile wa miaka mingi, wakacheka wote watatu.

Amaya alirudi Jumanne moja ya Aprili, saa sita mchana, bila taarifa. Nadine aliijua ile injini kwenye daraja. Lakini Tansy alikwishakimbia kufungua malango, na huku kwetu mtu akifika mezani kumetengwa hafukuzwi, hata awe nani. Kulikuwa na maharage na nyama ya nguruwe, mkate wa mahindi, jibini ya mbuzi wao, na bakuli kubwa la majani mabichi yaliyotiwa siki, na karoti nzima nzima pembeni. Amaya alijitilia kidogo kwa adabu, akasogeza sahani.

"Nimeona nije mwenyewe," alisema. "Si jambo la simu. Udongo umekutwa na risasi."

"Risasi ipi tena?" Emmett akadakia akicheka. "Mimi mwaka wa nne huu sijapiga hata kulungu."

"Risasi ya madini, baba. Ile ya kwenye rangi za zamani, kwenye betri."

Emmett akaacha kucheka.

"Kiasi gani?" Tansy aliuliza.

"Zaidi ya mara ishirini ya kinachoruhusiwa. Nilidhani mashine imeharibika, nikaomba warudie. Wamerudia."

Tansy alimtazama mama yake, na katika macho yale hamkuwa na lawama hata chembe. Hilo ndilo Nadine alishindwa kulivumilia. "Haiwezekani," Tansy alisema. "Huyu anausaga udongo wake kama unga wa mtoto. Bi Amaya, haiwezekani!"

"Hata mimi siamini," Amaya alisema. "Niliunusa. Risasi hainuki, lakini tangu lini majani ya mwaloni na magamba ya kaa yakaleta kiasi kile? Inatokea maabara wakachanganya mifuko. Mimi nawaza hivi, nichukue mwingine leo, niufunge kwa lakiri mbele yenu. Ukitoka safi, wa kwanza tunausahau. Mnaonaje, bibi? Watakuwa wamechanganya?"

Mlango ulikuwa wazi, na mtu wa serikali mwenyewe ndiye aliyeushikilia. Nadine alijua lundo lake ni safi. Mfuko wa pili ungepita, cheti kingekuja, mtoto angezaliwa hapa.

"Watakuwa wamechanganya," akasema.

Tansy alishusha pumzi, akacheka kicheko cha mtu aliyeokolewa, akafuta macho kwa kiganja. Njaa ikamrudia. Akavuta bakuli, akajitilia majani kilima kizima, akachukua na karoti. Kwenye ile karoti, chini ya shingo ya kijani, mlikuwa na udongo mweusi ambao hakuusugua vizuri.

Kichwa cha Nadine ndipo kilipofika mahali ambapo kingefika dakika tano nyuma kama kisingekuwa na kazi ya kudanganya. Maabara hawakuchanganya kitu. Ule mfuko aliujaza udongo wa tuta la nyuma ya jiko, na udongo huo ulikuwa hapa mezani, ndani ya bakuli.

"Weka chini," akasema.

"Nini?"

"Weka uma chini! Tema, Tansy! Tema hapo hapo mezani!"

Tansy alitema kwa hofu tu, kabla hajaelewa. Amaya, aliyekuwa na uma wake nusu ya njia, aliurudisha kwenye sahani polepole.

Nadine akasema yote akiwa amesimama, ameshika ukingo wa meza: mfuko, ngazi, tuta la nyuma ya jiko, magunia yenye picha ya bundi. Alipofika kwenye bundi alijisikia mwehu, na akaendelea, kwa kuwa kuacha katikati kungekuwa uongo mwingine.

"Ulibadilisha," Tansy alisema hatimaye.

"Nilidhani ni udongo tu. Udongo tunaoula, mwanangu."

"Nilikuomba kitu kimoja, mama. Kimoja."

Amaya hakupandisha sauti. Alimuuliza Tansy kala mboga zile kwa muda gani. Miezi miwili, kila siku. Na utotoni? Tangu miaka kumi mpaka alipoondoka. Akasema majani yenyewe huwa hayanyonyi sana, kinachotisha zaidi ni udongo unaogandia juu yake na kwenye karoti, na huenda damu ikatoka nzuri. "Lakini kwa mimba hatubahatishi. Unapimwa leo. Nitakuongoza mpaka kliniki." Kisha akamgeukia Nadine. "Bibi, nitaandika yaliyotokea. Sampuli ikibadilishwa kwa makusudi ombi linafutwa, na mnasubiri miaka mitatu. Sina namna. Lakini sasa niambieni, chini ya tuta lile kuna nini? Risasi haianguki na mvua."

"Hamna kitu," Nadine alisema. "Nililichimba mwenyewe. Palikuwa laini, pamekaa kama..."

Pamekaa kama mahali palipokwisha kuchimbwa. Macho yake yakaenda yenyewe kwenye sahani ya Emmett. Maharage. Mkate. Jibini. Akarudi nyuma mwaka kwa mwaka, meza kwa meza, Krismasi na siku za kuzaliwa, na kwenye sahani ile hakukuta jani hata moja.

"Emmett."

Mzee alikuwa anatazama mikono yake. Ana miaka sabini, na alizeeka tena palepale.

"Betri," akasema. "Zile za magari, za kuwashia taa kabla hatujapata sola. Mwaka wa themanini na saba. Zilikuwa zimekufa nyingi, nyingine zimepasuka. Ningezipeleka jalalani mjini wangezihesabu, wangejua huku tunawasha nini. Nikazifukia."

"Ngapi?" Amaya aliuliza.

"Thelathini. Thelathini na kitu."

"Ulijua, baba?" Tansy alisema. "Umekaa unaniona natafuna, unaniita sungura, na unajua?"

"Sikujua kama ni sumu. Naapa, mwanangu. Nilijua zimo, basi. Nilipotoka jela nikakuta mama yako kashapanda, kila kitu kijani, anafurahi. Nikataka kumwambia. Mara nyingi nilitaka kumwambia." Akamtazama mkewe, na hakumalizia.

"Lakini wewe hukula."

"Sikuwa na hamu nayo tu."

Tansy aliinuka, akaingia chumbani, akatoka na begi. Si mkoba wa kwendea kliniki. Lile begi alilokuja nalo Februari, na mkono wa sweta ukining'inia nje kwa haraka ya kufunga. Nadine alichukua koti lake msumarini.

"Baki," Tansy alisema.

"Nataka nisikie daktari anasema nini."

"Nitakuambia. Mimi huwa nasema mambo." Alikuwa analia na hakujificha. "Siwezi kulea mtoto hapa, mama. Si kwa sababu ya betri. Betri zinafukuliwa."

Nadine alisimama barazani na koti mkononi akiyasikiliza magari mawili yakishuka. Lango la tatu. La pili. La kwanza. Daraja. Hakutaka kuamini kwamba masikio yake ni mazuri kiasi kile. Aliingia ndani, akalimwaga lile bakuli kwenye ndoo, akaiosha mikono mara tatu.

Emmett alikuwa bado mezani. Nadine alikwenda kwenye banda la mbuzi, akachana mfuko wa karatasi wa chakula chao, akauweka mbele yake pamoja na penseli.

"Wapi kwingine?" akamuuliza.

"Nadine..."

"Miaka arobaini na moja sijakuuliza. Nakuuliza. Betri, mafuta machafu, dawa za panya, chochote. Chora."

Akachora. Alichora nyumba, kisima, barabara, banda. Alifanya kazi kwa bidii kama mwanafunzi, ulimi nje. Alama moja nyuma ya jiko. Moja chini ya mwaloni uliopigwa na radi. Mbili kando ya barabara ya zamani. Moja nyuma ya choo. Akaikagua kazi yake, akaisukuma kwa Nadine.

"Hizo tu?"

"Hizo tu. Kwa jina la mama yangu."

Nadine aliitazama ile ramani. Alimtazama na aliyeichora, uso aliouamini mbele ya masherifu na mahakimu na njaa. Alitafuta moyoni mwake mahali pa kumwamini tena akapakosa, na akajua kosa ni lake nusu, na kulijua hakukumsaidia. Karatasi ilikuwa na alama tano. Penye lundo lake la udongo hapakuwa na alama yoyote.

Akachukua sepetu. Jua lilikuwa bado juu, mbuzi wanalia njaa, lundo linafuka mvuke kidogo kama siku zote. Akalivuta turubai pembeni, akakanyaga sepetu, akatupa udongo nyuma yake bila kuangalia unaangukia wapi, majani ya miaka mitatu, minyoo, robo ya kila mwaka tangu walipokuwa vijana. Aliufikia udongo wa chini, wa njano, akaendelea.

"Hapo hamna kitu, Nadine!" Emmett aliita kutoka barazani. "Nakuapia, hapo hamna kitu!"

Yeye akazidi kuchimba.